Nikahi ya Kwenye Runinga

Siku Naseeb alipokuja kuniposa, niliunguza sambusa kumi na mbili na vidole viwili, na hapo hata hodi haijapigwa. Sambusa nilizitupa. Vidole nikabaki navyo, maana ndivyo vinavyonilisha.

Si kwamba nilikuwa mgeni wa shughuli hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeshaposwa, nimeshaolewa, nimeshaachwa. Kama kungekuwa na chuo cha mambo hayo, ningekuwa nafundisha. Lakini Jumapili ile ya mwezi wa Mei, mwaka 2017, kwenye fleti yetu ya Fordsburg, hapa Joburg, juu ya duka la viatu, nilikuwa nakoroga mafuta matupu kwa upawa.

"Unaogopa nini?" Shangazi Zubeda aliniuliza, akininyang'anya upawa. "Mwanamme umempima mwenyewe kwa futi yako. Inchi zake zote unazijua."

"Shangazi!"

"Nimesema kiuno. Wewe ulifikiri nini?"

Nilicheka, kisha nikaona kicheko kinataka kugeuka kilio, nikakimeza. Nilichokuwa nakiogopa nilikijua vizuri. Baba alikuwa amesema neno moja tu wiki nzima: "Nitamsikiliza mara moja. Akitoka hapa bila ya kukubaliwa, asirudi." Na Naseeb tiketi yake ya kurudi Uingereza ilikuwa ya Jumanne.

Nilimjua miezi mitatu kabla. Mimi nashona Plaza, jengo la maduka la hapo Fordsburg, kwenye kibanda cha Mkongo mmoja, Ya Firmin, yaani Kaka Firmin kwa lugha yao, mtu wa Lubumbashi ambaye akikata suti unaweza kulia. Wazungu waliokuja kupiga picha mchezo wa vichekesho kuhusu hoteli walituletea sare za wahudumu ishirini tuzipunguze. Mmoja wa wahudumu hao wa uongo akaja mwenyewe, mrefu, mweusi wa kupendeza, macho yamejaa usingizi. Nikamzungushia futi kiunoni nikamwambia Ya Firmin kwa Kiswahili, "Huyu njaa ya kwao Uingereza imemmaliza."

"Si njaa," yule mtu akajibu, kwa Kiswahili cha mtoto anayeongea na mama yake jikoni. "Ni chakula cha hoteli."

Nikatamani sakafu inimeze.

Mama yake Mzanzibari, yeye amezaliwa Northampton. Alianza kuigiza akiwa na miaka tisa. Shuleni kwao walikuja watu kutafuta mtoto mwenye mdomo, na mwalimu hakufikiria mara mbili. Akawekwa kwenye kipindi cha runinga cha familia yenye duka la samaki na chipsi, akiwa mtoto mtundu aitwaye Imran, na kila alipofanya kosa alikuwa anasema, "Muulizeni samaki!" Nchi nzima ikawa inasema hivyo. Walimtazama akitoka meno, sauti ikivunjika, sharubu za kwanza zikiota, miaka kumi yote. Kipindi kilipokwisha alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna aliyemtaka, kwa sababu watu hawakutaka Imran awe mkubwa. Akavaa mkia wa paka kwenye michezo ya Krismasi katika miji ya pwani yenye mvua. Akatangaza bima ya mbwa. Sasa, akiwa na miaka thelathini na mmoja, alikuwa mhudumu wa hoteli mwenye sentensi sita.

"Sita tu?" nilimuuliza.

"Na moja naisema huku naangusha trei."

Alikuwa na tabia moja iliyonifanya nimpende kabla sijajua nampenda. Kipindi chao kilichezwa mbele ya watu mia tatu ukumbini, wakicheka papo hapo, na mchezaji hufundishwa kungoja kicheko kipite ndipo aseme linalofuata. Basi Naseeb hadi leo akisema jambo hunyamaza kidogo, kichwa kimeinama upande, anangoja. Anaweza kukuomba chumvi akangoja. Mimi nilikuwa namcheka kwa ajili hiyo tu, asibaki mpweke.

Na nilimwambia yangu. Jinsi nilivyokuwa nimeolewa Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Jinsi mume wangu alivyokuwa akicheza karata na rafiki zake, wakamtania kwamba mkewe ndiye mwenye nyumba, naye akasimama akasema huku anacheka, "Nani, huyu? Nimemwacha!" Wakacheka wote. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Asubuhi yake baba alinijia na gari, akasema mbele ya watu na mbele ya sheikh kwamba ndoa na talaka havina mzaha, aliyesema amesema. Sheikh akakubali: talaka moja imepita, lakini mume ana miezi ya eda kunirejea akitaka. Eda ikaisha. Hakunirejea. Nadhani alikuwa anangoja kwanza nicheke.

Naseeb alinisikiliza hadi mwisho. Hakungoja kicheko. Aliichukua futi shingoni mwangu akaikunja polepole, akaniwekea mezani. Ndiyo siku nilipoanza kuogopa, kwa sababu mtu huogopa akiwa na cha kupoteza.

Hodi ikapigwa baada ya alasiri.

Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni. Naseeb alikuwa amevaa kanzu niliyomshonea, na nyuma yake, akiwa na suti ya rangi ya machungwa na kiatu kinachometa, Ya Firmin. Naseeb hana jamaa Joburg nzima. Mtu hajiposei mwenyewe; aliposikia anahitaji mshenga, akamchukua mtu pekee aliyemjua.

"Eish," nilisema. "Shangazi, amekuja na Mkristo."

"Bora Mkristo mwenye suti kuliko Mwislamu mwenye kiburi," alisema Shangazi, akanisukuma apate nafasi ya kuchungulia naye.

Ukumbini walikuwa wawili: baba yangu, Mzee Seif, amekaa wima kwenye kiti chake, na mdogo wake, Ami Burhani, ambaye hakuna harusi aliyowahi kuipenda, hata yake.

"Shikamoo, mzee," Naseeb alisema.

"Marahaba. Kaeni."

Ya Firmin hakukaa. Aliweka mkono kifuani. "Papa Seif, miye niko muntu ya Lubumbashi, ninasali kwa kanisa, munisamehe. Lakini huyu mutoto hana baba hapa, hana kaka. Alinikamata mukono akasema, Ya Firmin, unisemee. Njo maana nilikuya. Mutoto yenu Shufaa tunamupenda. Anashona muzuri, anasema mingi, lakini anashona muzuri."

Shangazi Zubeda alijifunika mdomo kwa ushungi. Hata baba nilimwona sharubu zikitikisika. Kwa dakika moja nikafikiri, labda. Labda Mungu leo yuko upande wetu.

"Kazi yako nini, kijana?" baba aliuliza.

"Mimi mchekeshaji," Naseeb alijibu, akainamisha kichwa upande, akangoja.

Hakuna aliyecheka. Saa ya ukutani ikahesabu. Nilitaka kucheka mimi huko jikoni, nimwokoe, lakini Shangazi alinifunika mdomo.

"Nauliza kazi," alisema baba.

"Ndiyo hiyo, mzee. Tangu nina miaka tisa."

"Umeshawahi kuoa?" Ami Burhani akaingia.

"Hapana, ami."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hapana, fikiri vizuri." Ami Burhani alitoa simu mfukoni polepole, na niliiona ile furaha usoni mwake. "Maana kwenye kundi letu la WhatsApp mtu kaleta kitu. Kaka, hebu tazama."

Akaiweka simu mezani. Kutoka jikoni sikuona picha, ila nilisikia. Nilisikia watu mia tatu wakicheka Kizungu. Kisha nikasikia sauti ya mzee mmoja akisema maneno ya nikahi, sahihi kabisa, neno kwa neno, na sauti ya kijana, nyembamba kidogo lakini yake, yake kabisa, ikijibu kwamba nimekubali kuoa. Ukumbi wa simu ukalipuka kwa vigelegele. Kisha yule kijana akasema jambo la samaki, watu wakacheka tena.

Shangazi Zubeda alinishika mkono.

"Hili hukuniambia," nilinong'ona, kana kwamba Naseeb angenisikia. Mdomo wake ulikuwa umenieleza mkia wa paka na bima ya mbwa, na hili haukulisema.

"Ule ulikuwa mchezo," Naseeb alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Yule binti anaitwa... tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Ameolewa, ana watoto. Ule ulikuwa mchezo, mzee."

"Binti ni Mwislamu?" Ami Burhani aliuliza.

"Ndiyo."

"Aliyeozesha?"

"Mwigizaji. Yeye pia Mwislamu."

"Na mashahidi mia tatu!" Ami Burhani alipiga paja. "Kaka, wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu ukasema havina mzaha. Mkweo wa kwanza alisema anatania, ukamwambia aliyesema amesema. Au mzaha wa Turffontein ni haramu na mzaha wa Uingereza ni halali? Watu watasemaje ukimtia mwanao kwenye ukewenza?"

Baba aliisukuma simu mbali naye. Na hapo ndipo hofu iliponishika kweli, ile inayoanzia nyayoni. Namjua baba yangu. Angeweza kuuza fleti hii, angeweza kuuza meno yake, lakini hawezi kuuza neno alilolisema mbele ya watu. Lile neno lilikuwa limeniokoa mimi. Sasa lilikuwa linarudi na kisu.

"Lakini mimi si mtu mbaya," Ami Burhani aliendelea, sauti ikawa laini kama ya muuza mitumba. "Dawa ipo. Kijana atamke hapa tu, mbele yetu: yule mke wa kwenye mchezo, nimemwacha. Neno moja. Kama nikahi haikuwa, hakupoteza kitu. Kama ilikuwa, imekwisha. Tunakula sambusa, tunaenda nyumbani."

Nilishusha pumzi. Neno moja! Nilitaka kumbusu Ami Burhani, jambo ambalo hajalitaka mwanadamu yeyote, hata mkewe.

"Sema," Ya Firmin alimgusa bega. "Sema, ndugu, tumalize."

Naseeb alichukua kikombe cha chai. Kikombe kikaanza kulia juu ya kisahani, kli-kli-kli, akakirudisha.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, ami."

Mimi moyoni nilikuwa napiga kelele: Sema tu! Wewe mtu gani! Umelipwa miaka ishirini kusema usiyoyamaanisha, leo ndiyo unaona haya?

"Mzee," Naseeb alimgeukia baba, na Kiswahili chake kikaanza kukwaruza, kinatafuta maneno. "Mimi tangu mtoto napewa karatasi. Naambiwa, sema hivi. Nasema. Nimezika mama ambaye si mama yangu, nimelia. Nimeomba radhi, sijakosea. Nimeoa, sijaoa. Kila kitu mimi nasema, watu wanacheka, mimi naenda nyumbani. Lakini Shufaa aliachwa hivyo. Mtu alisema neno hilo kuchekesha watu. Yeye yuko hapo jikoni, anasikia. Nikilisema leo, hata la uongo, hata kwa mwanamke mwingine, yeye atalisikia kwa sauti yangu. Atalala nalo. Siku nikikasirika, atalingoja." Akafuta mkono kwenye kanzu. "Naogopa sana, mzee. Naogopa utasema hapana. Lakini hilo sitasema."

Machozi yalinitoka bila ya kuniaga. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa inanipoteza.

"Basi hakuna mke hapa," Ami Burhani alisema, akaokota simu yake. "Kaka, mwambie."

Baba alimtazama Naseeb usoni, akatazama kile kikombe, akatazama mikono. Chini kwenye barabara teksi ilipiga honi, mtu akaita jina la mtu.

"Jina lako kamili nani?" baba aliuliza mwishowe.

"Naseeb bin Khamis."

"Na pale walikuita nani?"

"Imran. Imran Yusuf."

"Na binti?"

"Sultana. Yeye jina lake silo."

"Burhani," baba alisema bila ya kumtazama. "Yule wa Turffontein alisema 'huyu', akanyoosha kidole kwa mwanangu. Mwanangu yupo. Ana jina, ana baba, alikuwa amebeba chai. Hapa waliooana ni Imran na Sultana. Nionyeshe nyumba ya Imran. Nionyeshe mama yake. Nikimwachisha huyu kijana mke ambaye hakuzaliwa, mzaha nitakuwa nafanya mimi."

"Kaka, watu..."

"Sijamaliza. Yule wa kwanza alipokuja kwangu kujieleza alilisema neno lile tena, akalisema akicheka, anionyeshe lilivyokuwa la kuchekesha. Nikamtazama nikajua nimemtupa mwanangu. Huyu umemwomba alitamke mara moja tu, kwa faida yake mwenyewe, akashindwa kushika kikombe." Baba alivuta pumzi. "Miye nilikuwa nangoja mwanamme anayeliogopa."

Ya Firmin alisema kitu kwa Kifaransa, akajipangusa jasho kwa leso ya mfukoni, ile ambayo ni ya pambo tu na haipangusiwi.

Shangazi Zubeda alikuwa tayari ameshafungua kinywa apige kigelegele. Baba akainua mkono.

"Zubeda, ngoja. Shufaa! Njoo hapa."

Nilitoka na aproni, na vidole vyangu vilivyoungua, na uso ambao sikuwahi kuupangusa. Sikuthubutu kumtazama Naseeb. Nilitazama zulia.

"Ulipoolewa mara ya kwanza," baba alisema, "nilikuuliza ukanyamaza, nikasema mwari akinyamaza amekubali. Ndivyo ilivyo kwa mwari. Leo si mwari wewe. Mwanamke aliyekwisha kuolewa kimya chake si jibu. Hakuna atakayekusemea hapa, si mimi, si shangazi yako. Unamtaka huyu au humtaki? Lolote utakalosema ndilo nitakalofanya."

Mimi, Shufaa, ambaye pale Plaza wenye maduka jirani hunilipia soda ninyamaze, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Mara zote nilizokuwa nimeogopa siku ile niliogopa kwa ajili ya wengine: baba atasemaje, Burhani atafanyaje, Naseeb atajibu nini. Sasa mlango wote ulikuwa wazi na hakuna aliyesimama mbele yangu. Nilikumbuka trei ya chai. Nilikumbuka jinsi mtu anavyoweza kukupenda asubuhi na jioni ukawa kichekesho. Nikajiuliza, na huyu je? Miaka mitano kutoka leo? Niende Uingereza kwenye mvua, nikae na mtu ambaye mitaani watu wanamwita kwa jina la mtoto? Nikamtazama. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, hana kichwa upande, hana utani, na nikaelewa kwamba anajua naweza kusema hapana, na kwamba nikiisema ataiheshimu, atashuka ngazi zile, atapanda ndege yake.

"Mwanangu," baba alisema taratibu. "Tunakusubiri."

"Namtaka," nilisema.

Ilitoka kama sauti ya panya.

"Sikusikia."

"Namtaka, baba. Nimeridhia." Sasa ilisikika hadi kwenye duka la viatu. "Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu."

Kigelegele cha Shangazi kilipasua chumba. Ya Firmin alimkumbatia Ami Burhani kwa nguvu, Ami Burhani akiwa hataki. Na mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale, natetemeka zaidi kuliko siku niliyoachwa, kwa sababu siku ile hakuna aliyeniuliza kitu.